Viatu vya Kanisani Siku ya Kliniki

Pale hospitali ya Cotterwood, ukithubutu kumsema vibaya Nesi Verona Dacres, utakiona cha moto. Kliniki ya kisukari ya hospitali ile ameiendesha kila Alhamisi kwa miaka ishirini na miwili, hata wiki za kimbunga. Wagonjwa anawajua kwa majina. Anajua pia nani kanywa chai chungu ya majani ya serasi siku tatu mfululizo ili sukari ishuke, apate kumhadaa.

"Maas Percy, leo sukari yako nzuri sana. Haya niambie, Jumapili ulikula keki ngapi?"

Watu hucheka mpaka benchi linatikisika, mzee Maas Percy mwenyewe akiwa wa kwanza.

Lakini kukagua miguu, ambayo kisukari huitia ganzi na vidonda, hapana. Na hapo mimi nawalaumu wote, yeye na wao. Kwetu Jamaika mtu haendi kwa daktari hivi hivi. Anaoga, anavaa gauni la kanisani, kofia, soksi ndefu, na viatu vya kubana vilivyopigwa rangi vikang'aa. Sasa nani atamwambia bibi wa miaka sabini na kitu avivue mbele za watu? Nesi Verona aliona ni kumvunjia mtu heshima. Akawa anauliza tu, "Miguu haijambo?" Akijibiwa haijambo, anapiga tiki kwenye faili, palipoandikwa miguu imekaguliwa. Miaka yote hiyo, jamani!

Alhamisi moja akaja Dakta Lindo, kijana kutoka Kingston, kukagua ubora wa huduma. Alipekua mafaili arobaini. Presha, sukari, macho, miguu, kila mahali pamejazwa.

"Nesi, sijaona kliniki kama hii," akasema. "Kwa alama hizi mtaletewa daktari wa kudumu."

Daktari huyo Nesi Verona alikuwa amemwomba kwa miaka tisa. Alifurahi, halafu akajisikia vibaya.

"Acha nimuulize mgonjwa mmoja tu, nimalize." Dakta akamgeukia aliyekuwa karibu, Miss Ottie Blagrove, mwalimu wa zamani wa shule ya Jumapili. "Mama, nesi huwa anakukagua miguu?"

"Kila mwezi!" Miss Ottie akadakia. "Mpaka katikati ya vidole. Nani kasema hanikagui? Mlete hapa!"

Kisha akamkonyeza Nesi. Mwanamke huyu aliwahi kumchapa Verona mdogo kwa kudanganya habari ya peremende moja, na leo anamdanganyia mbele ya daktari. Aibu ilimshika Nesi mpaka masikio yakawaka. Akapiga magoti sakafuni.

"Vua viatu, Miss Ottie."

"Verona, acha ujinga. Si nimeshakusaidia?"

"Vua, mama yangu."

Kiatu cha kulia kiligoma. Kilipotoka, soksi ilikuwa imegandamana na unyayo, ikabidi ilowanishwe na kuvutwa taratibu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kibichi, na ndani ya kiatu, msumari umechomoza.

"Hukusikia maumivu?"

"Maumivu ya wapi? Mimi sisikii kitu," Miss Ottie akasema, sauti imeshuka.

Dakta Lindo akachuchumaa, akaangalia kwa muda mrefu. "Tumewahi, mfupa haujaguswa. Mwezi mwingine tungekuwa tunazungumza habari ya kukata mguu."

Nesi Verona alilia wazi wazi, machozi yakidondoka kwenye nguo yake nyeupe. Akakisafisha kidonda, akakifunga bandeji, kisha akanyanyuka.

"Dakta, tiki zile ni zangu na ni za uongo. Andika mafaili arobaini, aliyekaguliwa miguu ni mmoja."

"Nikiandika hivyo, Nesi, yule daktari hamumpati."

"Najua. Andika."

Dakta akaandika. Halafu pale benchini Maas Percy akainama, akihema kwa tumbo lake kubwa, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Njoo huku, Nesi," akasema. "Ila mimi mguu wangu unanuka."