Dawa za akili zilinipeleka hospitali nikiwa nimejifunga kanga ya mama mkwe

Wakuu, mwangaluka. Sijaongeza chumvi hapa, aibu yangu iliisha siku ile ile.

Mimi ni fundi cherehani, Somanda. Mwaka wa tatu natumia dawa za kutuliza sauti kichwani. Zimenirudishia kazi na ndoa.

Nikabadilishiwa dozi. Siku moja naamka saa kumi na moja alfajiri, mashine imesimama. Wife yuko msibani Kiloleli, na wala sikuwaza mapenzi. Nikajiona kidume.

Saa mbili asubuhi bado imesimama. Maji baridi, wapi. Maumivu yakaanza.

Ndipo nikamkumbuka nesi wa kliniki: "Ikisimama zaidi ya masaa manne kimbia hospitali. Ni side effect adimu, ila ukichelewa inaweza isisimame tena maisha." Nilimcheka siku ile.

Simu imeisha chaji. Nyumbani yuko mama mkwe tu, katoka kijijini Sola kuangalia wajukuu.

Sasa kwetu Wasukuma mkwe ni mkwe. Miaka tisa hajanitazama usoni, tukikutana njiani mmoja anapisha.

Nikasemea nyuma ya mlango wa chumbani kwangu: "Mama, dawa zangu zimenishika sehemu za siri. Haishuki tangu alfajiri. Bodaboda siwezi kukaa, naomba bajaji."

Nikajua nimeshavunja heshima yote.

Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukapitisha kanga. "Jifunge, baba Neema. Bajaji naifuata."

Mapokezi dada anauliza shida nini, foleni nzima inasikiliza. Nikabaki nakaza fundo la kanga.

Mama mkwe, niliyekuja naye, macho ukutani: "Dawa za akili zimemsimamisha, saa ya nne hii. Mwiteni daktari, mengine mtauliza baadaye."

Walinyonya damu kwa sindano. Msiniulize iliingilia wapi. Ikashuka.

Nilitaka kuacha dawa kabisa. Daktari wa akili akanipa nyingine, na mashine iko salama, wife ni shahidi.

Najivunia nilifungua mdomo. Na huyo mama namjivunia kuliko cherehani yangu mpya.

Funzo: usiache dawa kienyeji, na mwili ukigoma sema mapema, hata kwa mkwe. Mnaotumia kwa siri karibuni tuongee, wa kucheka pia mpo huru.

Mama mkwe bado hanitazami. Ila kila jioni anauambia ukuta: "Kuna mtu hajameza dawa humu."

Nameza.