Mnara Tuliouona Sote

Wauguzi wapya wakifika zahanati yetu hapa kisiwani Pate, jambo la kwanza ninalowafundisha ni kuangalia mnara wa msikiti wa kijiji cha pili, ng'ambo ya mikoko. Rubani wa helikopta ya kubeba wagonjwa huuliza mambo matatu tu: upepo, uwanja wa shule anapotua, na kama mnara unaonekana. Usipoonekana, haji. Haulizi mgonjwa ni nani, nasi haturuhusiwi kumwambia. Akisikia ni mama aliyetoka kujifungua, ataruka tu, na ndani ya helikopta wamo watu watatu wenye kwao.

Nawaeleza polepole, maana mimi mwenyewe nililielewa kwa shida.

Asubuhi moja ya msimu wa upepo wa kusi mama mmoja alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Sindano za kuizuia nilizimaliza. Maji yalikuwa yamekupwa, boti zimelala matopeni, na hadi yajae zilibaki saa nne nzima. Yeye hakuwa na saa nne. Nikapiga simu, na rubani akauliza mnara.

Nilitoka nje na simu sikioni. Mvua ilikuwa imefunika mikoko yote. Mumewe alisimama kando yangu, akanyoosha kidole.

"Ule pale, Bi."

Mama mkwe naye akasema anauona. Hawakuwa wakidanganya. Mtu aliyeuangalia mnara tangu utotoni huuona mahali pake hata ukifichwa. Nilipokaza macho, mimi pia nikaanza kuuona. Nikayafumba, nikahesabu hadi kumi, nikayafumbua. Mvua tupu.

"Hauonekani," nikamwambia rubani.

Akaniomba nimpigie ukitokea. Nikarudi ndani kumchua mama tumbo ili damu ikatike, nikamchua mpaka mikono ikafa ganzi. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Walipokuwa wakimwosha, mvua ilikatika na mnara ukatokea wote, mweupe. Mumewe aliutazama, kisha akanitazama.

"Si nilikwambia upo?"

Siku hizi humleta mtoto kwa chanjo, hunisalimia kwa heshima, kisha huketi akiupa mgongo mlango unaoelekea mikokoni.

Wauguzi huniuliza kama ningesema vile tena. Nawajibu ndiyo, na kwamba wao pia wataweza. Kisha nawatoa nje, nawaambia wafumbe macho kwanza.