Talaka Aliyoiacha Akienda Vitani

Mume wangu aliniacha kwa mapenzi. Cheka ukitaka, ndivyo ilivyokuwa.

Alipochukuliwa vitani, vile vita vya pili vya Mjerumani, tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa pale Kaole, na mimba yangu ya miezi minne. Aliwaona wake za askari wengine walivyobaki, si wajane si wake za watu, hawajui kama waume wao wako hai au wamekufa. Hakutaka nipatwe na hayo. Akamwita baba yangu na mashahidi wawili, akasema, "Nisiporudi mpaka mwezi wa Ramadhani ya tatu uandame, mke wangu ameachika." Watu wakamsifu kwa uungwana. Mimi nililia hata nikatapika.

Subira yavuta heri, wasema. Yangu ilivuta maneno ya watu. Nilishona mikeka, nikamlea binti yetu, nikahesabu Ramadhani. Mwezi wa ile ya tatu ulipoandama watoto walishangilia njiani, nami nikaingia chumbani kukaa eda ya mtu aliye hai huko Bama, ng'ambo walikopelekwa kupigana.

Bado alikuwa na nafasi. Angeandika tu kwamba amenirejea, kabla eda haijaisha, ningebaki mkewe. Baba alimwandikia kumkumbusha. Ikaja barua yake iliyopishana njiani na ya baba: salamu, mvua, mchele mbaya, amepandishwa cheo. Ya kunirejea hamna. Jibu la barua ya baba lilifika eda imekwisha zamani. Eti alisahau! Jamani, mtu husahau talaka?

Vita vilipokwisha alirudi, na koti la jeshi na viatu vizito. Ndani hakuweza kuingia, hakuwa wangu tena. Akaketi barazani kwa baba kama mgeni, na binti yetu akajificha nyuma yangu. Akaniposa upya. Sikufichi, moyo uliniruka. Nilimtaka yule mtu. Lakini nilisikia jeshi linamtaka abaki, awafundishe vijana udereva, na siku yoyote wampeleke watakako. Nikamwambia baba, mahari sitaki, nataka avue lile koti. Baba akasema hayo mtazungumza wenyewe mkishaoana.

Siku ya ndoa mwalimu wa chuo cha Kurani akaja mlangoni kwangu na mashahidi. Mara ya kwanza nilikuwa mwari, na mwari akinyamaza ndiyo amekubali. Sasa nilikuwa mtalaka, ilinibidi niseme kwa mdomo wangu.

"Wakubali kuolewa naye?" akauliza.

Nikapaza sauti ifike barazani kwa bwana harusi. "Jeshi ameliacha?"

Mwalimu akauliza tena, nami nikauliza tena. Hata mara ya tatu. Barazani kimya. Safari hii aliyenyamaza alikuwa yeye.

"Basi sikubali," nikasema.

Nikamsikia akivaa viatu vyake pale nje, kimoja, kisha cha pili. Nilijua hatarudi tena. Nikamsukuma binti yangu kuelekea mlangoni.

"Kimbia, kampe mkono baba yako."

Akanitazama kama niliyepotewa na akili. "Baba yangu yuko vitani," akasema.