Mama Mrija

Marubani humwita Mama Mrija, kwa sababu ya ule mrija unaovuta hewa ya nje, juu ya bahari, na kuiingiza kwenye mtambo wake ndani ya ndege yetu. Tunatafuta gesi za bromini, ambazo ni chache mno na zina ukaidi wake: mrija ukipoa, zinanata humo humo na hazifiki kupimwa. Basi kila asubuhi huupapasa kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. "Umeamkaje, baba?" huuamkia, nasi hucheka. Katika safari ya mwisho ya msimu, hita za ndani ya ndege, pamoja na ile ya mrija, zilizimika tukiwa juu kabisa, na baridi ikatuingia mifupani. Mama Mrija alivua sweta lake, akauviringishia mrija, akaukumbatia kifuani. Meno yalimgongana, lakini namba zilikuja, zile zile ninazojivunia hadi leo, Mungu amlipe. Sikuweza kumtazama akitetemeka vile; nikavua koti langu nikampa. "Asante, mwanangu, una roho nzuri," alisema, machozi yakimlengalenga, kisha akamfunika nalo mtoto wake.