Sufuria ya Nyanya

Leo nimechemsha nduma za kunitosha mimi tu, na harufu yake imenirudisha jikoni kwetu Kanja.

Nyanya alikuwa amepatikana na ugonjwa wa sukari. Mama, kwa kumpenda, akamtengea sufuria yake: nduma, mboga za terere bila mafuta, chai isiyo na sukari. Sisi tulikula wali na viazi vya kukaanga sebuleni. Yeye alibaki jikoni, karibu na moto. Sukari ilishuka, lakini usingizi ukampotea, na mama akadhani ni ugonjwa.

Jumapili moja nilibeba sahani yangu nikaenda jikoni kuketi kando ya nyanya.

“Rudi kwa wenzako,” akaniambia. “Chakula cha huku hakina chumvi.”

“Nipe nduma, nyanya.”

Akanimenyea moja, akaipuliza kama vile nilikuwa mtoto mchanga. Tulikula bila haraka. Aliniuliza habari za shule, za ng'ombe, hata za kuku aliowalisha mwenyewe asubuhi.

Kabla sijamaliza chai, kichwa chake kiliniangukia begani. Mama alipokuja kuchukua vyombo, niliweka kidole mdomoni ili anyamaze. Alisimama mlangoni akimtazama nyanya anavyokoroma, kisha akaenda sebuleni kuleta sahani yake mwenyewe.