Jezi Mbichi

Juzi nilikuwa saluni nasubiri zamu yangu, nikaiona kwenye runinga timu yetu ya zamani. Siku hizi ni ya mji mwingine, wa nne au wa tano sijui. Nimechoka kuufuatilia uhamaji wake.

Mama ndiye aliyekuwa akifua jezi zao, nyumbani kwetu Itetemia. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, ua mzima ulinukia sabuni ya mche na vumbi lililolowa. Meneja wa timu alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Timu imeuzwa, Mama Zuhura," alimwambia mama. "Jezi zikikauka tu, tunaondoka."

Mimi nilimwelewa hivyohivyo alivyosema. Walipoingia ndani kunywa chai, nilichukua kopo nikazimwagia maji jezi zote pale kambani, moja baada ya nyingine. Zikianza kukauka, narudia. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba timu haiendi popote.

Mama alinikuta na kopo mkononi. Nilingoja kofi, halikuja. Alizikamua taratibu, akazitia kwenye gunia, na jioni lori likaondoka nalo huku maji yakichuruzika barabarani.

Tulibaki tumesimama mlangoni. Mama alikuwa akiitazama mikono yake iliyochunika kwa sabuni.

"Hata timu ilipohamia hapa kutoka Igunga, jezi zilikuja mbichi," alisema. "Mimi nikadhani wamenyeshewa njiani."