Wimbo Mnaougombania Uliicheka Suruali ya Mume Wangu

Nyie wanamuziki wawili, aibu hamna?

Leo nachambua dagaa hapa Mwisenge, nawasikia redioni mnagombea wimbo.
"Nimeutunga mimi!"
"Umeniibia!"

Nikaacha dagaa.

Wimbo huo tuliuimbaga sisi wanawake tukichuma pamba kwenye shamba la ujamaa, Bunda. Aliutunga mwenzetu Nyangeta, kumcheka kijana aliyekuja shambani na bugaluu pana miguuni. Suruali ilizoa pamba kuliko mikono yake!

Kijana huyo ndiye aliyenioa. Marehemu alikuwaga anauimba mwenyewe akinyoa ndevu.

Nyangeta yupo hai. Anasikiliza redio hiyohiyo, na jina lake halitajwi.

Kesho nendeni Bunda. Mkae chini, mumwombe msamaha, halafu mrudi redioni mseme ni wake.